Kivuli Juu ya Kivuli

"Mjomba, mbona unamchorea kivuli na kivuli anacho?"

Mpwa wangu alikuwa ameegemea meza, kidevu juu ya viganja, macho yakiifuata ncha ya brashi. Mbele yetu alisimama shujaa wa plastiki, milimita 28 kutoka unyayo hadi machoni, deraya yake imekwisha kupakwa na joho jekundu likimshuka hadi visiginoni. Nilikuwa naipitisha rangi ya damu ya mzee ndani ya mikunjo ya joho lile, polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Taa ya mezani ilikuwa inammulika kwa juu. Kila mkunjo niliokuwa naujaza giza ulikuwa tayari na giza lake.

Nilimwambia ndivyo wanavyofanya wachoraji wote wa visanamu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, akaendelea kutazama. Jibu halikumwingia.

Na mimi halikuniingia.

Usafi una mwisho wake

Swali lile lilinikaa kichwani wiki kadhaa, na nadhani ni kwa sababu lilinikuta nimekwama.

Anayeanza hupiga hatua za kwanza haraka. Unajifunza kukwangua mistari iliyoachwa na kalibu kabla ya kupaka chochote. Unajifunza kuzimua rangi kwa maji na kupiga mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito. Unajifunza kuegemeza viganja vyote viwili pamoja ili brashi isitetemeke. Kila kisanamu kinakuwa kisafi kuliko kilichotangulia. Kisha inafika siku usafi hauendi mbele tena: rangi haivuki mpaka, macho mawili yanatazama upande mmoja, na bado ukikiweka kisanamu mezani na kurudi nyuma hatua mbili unaona bonge lenye rangi tatu.

Nikitazama picha za visanamu vilivyoshinda Golden Demon, mashindano ya Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya visanamu na michezo ya vita ya mezani, yaliyoanza mwaka 1987, niliona wazi kwamba vina uhai ambao vyangu havina. Nikijiuliza ni nini hasa, jibu lililokuja upesi ni mkono. Wenzetu wale wanachora nyuzi za kitambaa na mishipa ya kiganja. Mkono wangu haujafika huko. Nitulie, nifanye mazoezi, siku moja utafika.

Swali la mtoto halikuhusu mkono hata kidogo. Lilikwenda kwenye kazi yenyewe. Kivuli hiki ninachokipaka ni cha nini?

Dirishani

Asubuhi moja nilichukua kisanamu kilichopigwa praima tu, rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine, ya kijivu, nikakipeleka dirishani, jua likiwa linaingia moja kwa moja.

Vivuli vyote vilikuwepo. Ukingo wa chapeo ulilikata paji la uso kwa mstari mkali. Pua iliangusha kivuli chake shavuni. Chini ya mkanda palikuwa na giza, kwapani giza zaidi, na mikunjo ya joho ilipanda na kushuka, mgongo wa mkunjo ukiwaka na bonde lake likizama. Kipande cha plastiki kisicho na rangi kilikuwa mtu kuliko shujaa wangu mwekundu.

Nikakirudisha mezani, chini ya taa ya dari na taa ya pembeni. Kikalala. Umbo lilikuwa lilelile, ila vivuli vilipauka, vikaingiliana, vingine vikapotea kabisa.

Hapo nikakaa kitako nikawaza. Udogo peke yake hauui kivuli. Chini ya jua kali kitu kidogo hupata vivuli vilevile vya kitu kikubwa, kwa uwiano uleule. Kinachoua kivuli ni chumba. Ndani ya chumba mwanga unashuka kutoka darini, unagonga kuta, unarudi kutoka kwenye meza yenyewe, unapanda chini ya kidevu na kuingia mikunjoni. Taa ya mezani nayo ni pana kupita mwili mzima wa kisanamu. Jua, kwa macho yetu, lina upana wa nusu digrii tu. Taa ya sentimita 10 iliyo umbali wa sentimita 40 ina upana wa digrii 14 hivi. Mwanga mpana namna hiyo unaizunguka pua kushoto na kulia, na kivuli chake kinayeyuka.

Udogo unaingia kwa mlango mwingine. Kisanamu cha milimita 28 ni mtu aliyepunguzwa takriban mara 60, kwa hiyo pua yake haifiki milimita moja. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, na kwa umbali wa mkono ulionyooshwa hiyo ni karibu milimita 0.2. Basi pua ya shujaa wangu, ukimtazama ukiwa umekaa kwenye kiti chako, ina nafasi ya vitone vinne. Kivuli cha pua kina nafasi ndogo zaidi, na tayari kimepaushwa na chumba.

Mpwa wangu alisema kweli: kivuli anacho. Ila hakifiki kwa anayemtazama. Brashi inampa mwanga ambao angekuwa nao kama angekuwa na kimo cha mtu, amesimama nje, nawe umesimama mbele yake.

Jibu hilo lilinifurahisha kwa siku mbili tatu, kisha likazaa shida kubwa kuliko swali. Kama ninachopaka ni mwanga wa mahali pengine, ni lazima nipajue mahali hapo. Ni saa ngapi kule? Jua liko upande gani wa uso wake? Kuna mawingu? Nilipitia visanamu vyote rafuni, zimwi, mchawi, mifupa yenye mikuki, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukijibia.

Woshi haijui juu wala chini

Sisi tunaoanza tunaipenda woshi, na tuna haki. Ni rangi nyepesi iliyotengenezwa itiririke. Ukiimwaga juu ya kisanamu inakimbilia mashimoni yenyewe na kuviacha vilele na rangi yao ya awali. Deraya ya minyororo, ambayo ingekula jioni nzima pete kwa pete, inapata kina kwa dakika chache. Mwaka 2019 Games Workshop walitoa rangi za Contrast, zinazofanya kazi ya rangi ya msingi na ya woshi kwa mkono mmoja juu ya praima nyeupe au yenye rangi nyepesi. Sina ugomvi nazo. Bado ninazitumia.

Lakini sasa nilikuwa na swali la kuziuliza.

Niliichukua chapeo ya shujaa nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Juu kabisa, utosini, kuna mfereji mdogo wa urembo unaotazama mbinguni. Woshi ilikuwa imeujaza giza. Chini ya kidevu, mahali ambapo jua halifiki asubuhi wala jioni, palikuwa na giza lilelile, kwa kiasi kilekile. Mikunjo ya begani na mikunjo ya nyuma ya magoti vilevile. Woshi inafuata shimo. Kina inakijua vizuri sana, ila juu na chini kwake ni kitu kimoja.

Brashi kavu, ile ya kufuta rangi karibu yote kwenye kitambaa kisha kuisugua kwenye miinuko, ina upofu huohuo kwa upande wa pili. Inaupata kila ukingo uliotokeza, uwe unatazama anga au unatazama ardhi. Ukitaka ijue mwanga, mkono wako ndio uifundishe: isugue ukishuka kutoka juu, usiipeleke chini ya kitu chochote.

Fundisho moja linalotolewa kwa kila mgeni wa kazi hii ni rangi ya msingi, kisha woshi, kisha kingo za rangi nyepesi. Linakupa kisanamu kinachosomeka, na kwa jeshi la visanamu hamsini vya mchezo sioni kosa lake. Ila ndani yake hakuna mahali popote panapokutaka uamue mwanga unatoka wapi. Unaweza kulifuata miaka na uamuzi huo ukakupita.

Siku hizi naanza na nyeusi na nyeupe. Praima nyeusi mwili mzima hadi kwapani, kisha nyeupe kutoka juu tu, kopo la kupulizia likiwa limeinuliwa na mipulizo mifupi. Njia hii inajulikana sana, wenyewe wanaiita zenithi, na wengi wanaipenda kwa sababu rangi nyepesi zikipita juu yake zinapata kivuli bure. Mimi naithamini zaidi kwa picha ninayoipiga kabla rangi yoyote haijapita. Mbele, nyuma, na pembeni kote kuwili. Nyeupe ilipotua ndipo mwanga ulipo. Rangi zikishafunika kila kitu na kichwa kikaanza kunichanganya, picha ipo kwenye simu.

Pakitokea mahali pagumu kusoma, kiwiko kilichokunjwa au mkoba unaoning'inia, najiuliza kama mvua ikinyesha hapo patalowa. Pakilowa napapa mwanga. Pakibaki pakavu napaacha gizani. Mtihani huu ni rahisi, unafaa kwa jua la utosini tu, lakini umenitoa kwenye mikwamo mingi.

Nyeusi ya Gobelins

Kujua mwanga uko wapi ni kitu kimoja. Kuupaka kwa ujasiri ni kitu kingine, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Chukua joho jekundu. Kwa sehemu za mwanga nilichanganya nyekundu na rangi ya chungwa, maana nyeupe ndani ya nyekundu inazaa waridi. Nikapaka bega, migongo ya mikunjo, pindo la chini. Nikiwa nimeinama, uso karibu kuligusa joho, ilionekana kali kupita kiasi; macho yalikataa. Nikaipoza kwa utando mwembamba wa nyekundu, kisha mwingine, hadi hatua zote zikawa laini. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Jekundu tupu. Jioni nzima ya kazi, na hakuna kilichoonekana.

Nikapiga picha, nikaiondolea rangi zote kwenye simu ibaki nyeusi na nyeupe. Joho lilikuwa kijivu kimoja kutoka begani hadi pindoni.

Picha ile imenifundisha kuliko video zote nilizotazama. Nyekundu ya kivuli, nyekundu ya kati na chungwa lililopozwa, mimi nilikuwa naziona rangi tatu. Simu iliona kijivu tatu zilizobanana hadi kuwa moja. Rangi ina jina lake, na ina kiasi cha mwanga ilichokibeba. Umbo linasimama juu ya hicho cha pili. Tangu siku ile sikimalizi kisanamu bila kukiondolea rangi kwenye picha, na mara nyingi nafanya hivyo katikati ya kazi pia.

Kuna mtu aliyekutana na tatizo hili kwa njia nyingine kabisa. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, aliwekwa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi kwenye karakana ya Gobelins jijini Paris, mahali panapofumwa mazulia ya ukutani. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana ni dhaifu, hasa zinapofumwa kama kivuli kwenye vitambaa vya buluu na zambarau. Akazilinganisha na nyeusi za kwingine. Hazikuwa na kasoro. Kilichozidhoofisha ni rangi iliyolala kando yake. Mwaka 1839 alichapisha alichogundua: rangi mbili zikikaa pamoja, jicho linazisukuma mbali, nyepesi inaonekana nyepesi zaidi na nzito inaonekana nzito zaidi, na kila moja inaelekea kwenye kinyume cha jirani yake.

Nilisoma habari hiyo nikasimama nikazunguka chumba. Wafumaji wale walikuwa wanahangaika na mikunjo ya vitambaa, kama mimi. Na jibu lao lilikuwa na maana ya moja kwa moja kwa joho langu: chungwa halikuhitaji kuwa kali zaidi. Lilihitaji giza halisi kando yake. Nikachukua damu ya mzee, nikaitia buluu kidogo, nikashuka ndani ya mabonde kwa ujasiri, nikaacha migongo ya mikunjo vilevile. Chungwa lililokuwa limepoa likawaka bila kuguswa.

Wasiwasi wangu haujaisha, lakini. Wapo wachoraji ninaowaheshimu ambao kazi zao ni tulivu, visanamu vinaonekana vimesimama siku ya mawingu, na ukivishika karibu huwezi kuviweka chini. Kwa mbali vinafifia. Je, vimepungukiwa? Siamini. Kisanamu cha mchezo kinatazamwa kwa umbali wa mkono na kinapigania nafasi yake kati ya wenzake. Cha rafuni kinashikwa, kinageuzwa, kinasogezwa puani. Kwa hiyo umbali nao nauamua mapema, kabla sijafungua kichupa chochote, na mara nyingi uamuzi huo unanigharimu muda kuliko kuchagua rangi. Ninajiona nikivutwa kwenye ukali, kwa sababu ndio uliokosekana kwangu. Inawezekana baada ya mwaka nitarudi kwenye mawingu.

Jua mbili

Swali la mpwa wangu linakuwa gumu zaidi kwenye upanga.

Rangi za metali zina vipande vidogo mno vya mika au alumini ndani yake. Vinaakisi mwanga wa kweli, ule wa chumbani. Geuza kisanamu na mng'ao unahama, kama inavyotakiwa kwa chuma. Upande mwingine wa ubishi wapo wanaochora chuma kwa rangi za kawaida, kijivu kinachotoka karibu na nyeusi hadi nyeupe kabisa, mng'ao ukiwekwa kwa brashi pale mchoraji anapotaka. Ukigeuza kisanamu, mng'ao haubanduki.

Nilijaribu yote mawili kwenye panga zinazofanana. Upanga wa metali ulipendeza sana mkononi, kisha ukagombana na joho. Kwenye joho nilikuwa nimeliweka jua juu kushoto. Upanga uling'aa kulia, kwa sababu taa yangu ilikuwa kulia. Mtu mmoja, jua mbili. Hapo nikaelewa kwa nini visanamu vingine vinasumbua macho bila sababu inayoonekana.

Upanga wa kijivu ulikubaliana na joho, lakini ulinidai visivyokuwemo mkononi bado: mpito laini kutoka giza hadi weupe ndani ya milimita mbili au tatu. Ulinidai pia nijue chuma kinaakisi nini. Kitambaa kinatoka gizani kwenda kwenye mwanga taratibu. Chuma kilichosuguliwa kinabeba picha ya vilivyokizunguka, na weupe mkali unaweza kulala bega kwa bega na weusi, bila kitu katikati. Anayepaka upanga kwa taratibu ya kitambaa anapata upanga wa mpira.

Ninachofanya sasa kiko katikati, na nakitetea. Napaka metali, kisha sehemu zilizo gizani nazifunika kwa tando nyembamba za kahawia na nyeusi zisizong'aa hadi vipande vile vizimike. Mng'ao unabaki pale tu nilipouruhusu. Ukigeuza kisanamu bado unahama kidogo, ila hauvuki mpaka niliouweka.

Wachoraji wa sanamu wameligombania jambo hili kwa karne nyingi. Francisco Pacheco wa Sevilla, Hispania, mwalimu na baba mkwe wa mchoraji Diego Velázquez, alipaka rangi sanamu za mbao zilizochongwa na Juan Martínez Montañés mwanzoni mwa karne ya 17. Ilikuwa desturi kuing'arisha ngozi ya sanamu hadi imete. Pacheco alishikilia ngozi isiyong'aa, akisema ndiyo inayofanana na ya mtu. Nikimfikiria nikiwa na vanishi yangu mkononi naona hoja yake ilivyo nzito. Uso unaometa unaichukua mishumaa yoyote iliyopo na kuibandika juu ya kivuli ulichokichora. Woshi nyingi huacha mng'ao zikikauka, tena huuacha mashimoni, mahali hasa ulipotaka giza. Ndiyo maana nakipulizia kisanamu vanishi isiyong'aa kabla sijaamua kama kazi imekwisha. Mara kadhaa kisanamu nilichokiona kimefifia kilisimama chenyewe baada ya vanishi.

Mkono nao una haki yake

Sisemi mkono hauna kazi. Brashi ndogo kuliko zote inamvutia kila anayeanza, na ni ya kuepukwa: haina tumbo, rangi inakaukia kwenye manyoya kabla haijaligusa jicho la kisanamu. Namba 1 yenye ncha nzuri inafanya karibu kila kitu. Brashi za Series 7 za kampuni ya Winsor & Newton, ambazo zilianza mwaka 1866 kwa ajili ya Malkia Victoria, mchoraji wa rangi za maji yeye mwenyewe, zina manyoya ya kolinsky, mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche. Zinapendwa kwa sababu tumbo lao linabeba rangi nyingi na ncha bado inajikusanya kuwa moja.

Kuna jambo la kikemia ambalo ningependa kuambiwa mapema. Akriliki, rangi hii tunayoizimua kwa maji, ikiwa mbichi ina weupe ndani yake, kwa sababu polima, yaani plastiki yake, iliyotawanyika kwenye maji inasambaza mwanga. Maji yakienda zake, polima inaungana, inakuwa angavu, na rangi inashuka kuelekea giza. Kwa hiyo mwanga ulioonekana sawasawa ukiwa na unyevu utakuwa umezama ukikauka. Subiri ukauke ndipo uuhukumu. Na kwa kuwa utaurudia, mchanganyiko wako uwe hai bado: sponji lenye maji, karatasi ya kuokea juu yake, na nyekundu zako tatu zinakaa mbichi kwa saa nyingi.

Lakini zoezi lililonisaidia kuliko yote halikuwa na nyekundu. Nilichukua askari mmoja nikampaka kwa nyeusi, nyeupe na michanganyiko yake tu. Hakuna woshi, hakuna rangi ya ngozi, hakuna metali. Jua niliamua liwe juu kushoto. Bila rangi za kujifichia, kila uso wa mwili wake ulinitaka jibu. Upande huu wa shavu unatazama wapi? Goti hili lina mwanga kuliko paja, au sawa nalo? Mkono uliposita, haukuwa umetetemeka; haukuwa na la kufanya kwa sababu mimi sikuwa nimeamua.

Nilipommaliza nilimwita mpwa wangu, nikamwuliza jua la huyu liko wapi.

Akanyoosha kidole juu kushoto bila kufikiri. Taa ya mezani ilikuwa inawaka kulia.

"Sasa hicho kivuli ndicho chake," akasema, akakirudisha mezani.

Moto wa joka

Ninachokihangaikia sasa ni joka lililofungua kinywa, na linavunja karibu kila kitu nilichokizoea. Nataka mwanga utoke kwenye moto wake mwenyewe. Ukitoka huko, mtihani wa mvua haufai tena, kwa sababu mwanga unakuja kutoka mbele na chini. Hakuna kitu kwenye kisanamu kinachoruhusiwa kuwa na weupe kuliko kiini cha moto. Mwanga wa anga lazima ushuke hadi usiku, la sivyo moto utaonekana kama doa la rangi ya chungwa. Na nguvu yake inapungua upesi: umbali ukiwa mara mbili, unabaki robo. Taya na meno yapate mwingi, shingo kidogo, mabega alama tu, na mabawa yaliyo nyuma ya kichwa yasipate kitu.

Nimelipiga praima nyeusi peke yake. Nyeupe nitaipuliza kwa brashi ya hewa kutoka mbele ya kinywa, karibu, mipulizo mifupi. Sijaamua kama ardhi iliyo mbele yake inaungua. Ikiwa inaungua, itaurudisha mwanga tumboni, na magamba ya tumbo, ambayo kwa jua la kawaida yangekuwa sehemu nyeusi kuliko zote, yatahitaji chungwa hafifu kwenye kingo za chini. Hapo kitako, kile kibao ambacho joka limesimama juu yake, ndicho kipakwe kwanza, kabla ya joka lenyewe, ili nijue ni kiasi gani cha mwanga cha kulirudishia.